Upinde wa Mwani

"Mbegu za mwani nimezifunga juzi tu, na nyinyi mmezing'oa mkazianika juani kwa ajili ya picha?" aliuliza mwanamke aliyetoka majini.

"Bi mkubwa, hatukujua kama zina mwenyewe," alisema Msabah, mpiga picha, kamera ikimning'inia kifuani. "Niliuliza kabla sijagusa."

"Ulimuuliza nani?"

Msabah alimtazama Bi Riyama, mama wa bibi harusi. Bi Riyama alitazama bahari.

Ni kweli aliulizwa. Asubuhi, maji yalipokauka hapo Matemwe, Msabah alisimika miti miwili mchangani na kupindisha fito juu yake. Alitaka upinde wenye kamba za mwani zinazoshuka kama pazia, na wachumba, Nadra na Fayaz, wasimame ndani yake. Akauliza zile kamba za kule majini ni za nani. Mama yake Fayaz, Bi Shaista, alikuwa ubavuni, na Bi Riyama akajibu upesi kama anayefukuza nzi: "Mimi mambo ya mwani siyajui. Chukua tu, zimetupwa hizo."

Hazikutupwa. Mbegu changa, vipande vya mwani vya kupandia, huonekana kama mabaki kwa asiyejua, lakini Bi Riyama aliona vikamba vya kufungia ni vipya. Aliujua na mkono uliovifunga. Ulikuwa wa Mwatum, huyu aliyesimama mbele yao sasa, kanga imerowa hadi kiunoni.

Miaka sita walilima mwani pamoja, wakimbeba Nadra mgongoni kwa zamu. Kisha Riyama akahamia mjini, Mpendae, akafungua duka la mapazia. Posa ilipokuja kutoka kwa kina Fayaz, watu wa maduka ya mjini tangu enzi za babu, akajieleza kuwa yeye ni mtoto wa mjini. Mume wa Mwatum alipofariki hakwenda matangani. Alituma ujumbe wa simu, mistari miwili.

"Shikamoo bibi," alisema Fayaz. "Tusamehe. Tutakulipa."

"Marahaba, mwanangu. Bamvua linakwisha, keshokutwa maji hayakauki tena. Mbegu nyingine ntazitoa wapi?" Mwatum akamgeukia Nadra, akamtazama kwa muda. "Wewe ndiye bibi harusi? Hongera. Mungu akupe kheri." Kisha akamwambia Riyama, "Na wewe, bibi, hongera kwa kuoza."

Alimwita bibi, kama anavyowaita wageni wa hotelini. Angeweza kusema neno moja tu, mbele ya Bi Shaista, na hakulisema. Riyama alingoja hasira imjie, maana hasira aliizoea. Haikuja.

"Mama, twende zetu," alisema Nadra. "Picha zinatosha."

"Twende, Bi Riyama," Bi Shaista aliongeza. "Jua kali hili. Tutamtumia kitu baadaye."

Mwatum alikuwa ameshawapa mgongo, anazitungua kamba peke yake. Kule mbali maji yalikuwa yameanza kurudi.

Riyama akavua viatu.

"Msabah, msaidie kushusha. Taratibu, zitakatika."

"Mama, unafanya nini?"

"Nnakwenda kufunga mwani." Akapandisha baibui na kulikaza kiunoni.

Bi Shaista alicheka kidogo. "Na wewe unajua?"

"Najua. Miaka sita nimekula kwa kazi hii, hapa hapa, na huyu. Nilikudanganya, Bi Shaista. Ukiona haifai mwanao kuoa kwangu, utaniambia nikitoka majini."

Hakungoja jibu. Alijitwika kamba mbili begani na kumfuata Mwatum, miamba ikimchoma nyayo zilizokwisha kusahau.

"Mwatum, nisamehe. Na msiba ule pia."

Mwatum hakugeuka. Alipachika kigingi, akakigonga kwa jiwe mpaka kikasimama.

"Shika ncha hiyo," alisema. "Vuta."

Riyama akapiga magoti majini, akavuta.