Msiba wa Chumba cha Chini

Manka alikuwa na sauti ndogo hivi kwamba kondakta wa basi la Kilburn hakuwahi kusikia anashukia wapi. Katika London nzima palikuwa na mahali pamoja tu ambapo sauti hiyo ilitoka yenyewe: chumba cha chini pale chuoni, ambamo wanafunzi weusi walikutana, wakasukana nywele, wakachemsha chai na kubishana mpaka madirisha yakatoka jasho. Humo Manka alicheka kwa nguvu. Akishatoka humo, alikuwa kimya kama kabati.

Sasa mkuu wa chuo, Dakta Pemberton, alitaka chumba hicho kiwe stoo ya viti. Na mwaka huohuo chuo kilikuwa kimejisifu sana kwa kukataa kuuza machungwa ya Afrika Kusini kwenye kantini, ati kupinga ubaguzi wa rangi.

"Machungwa yamepata haki yake," alisema Njenga, mwenyekiti wao, kijana wa Nakuru. "Sisi tupishe viti."

Walikuwa wameshaandamana mara mbili. Mara zote mbili Philippa, Mwingereza mwenye moyo mzuri na mapafu mazuri zaidi, alikamata kipaza sauti na hakukiachia. Gazeti la chuo likatoa picha ya Philippa. Dakta Pemberton akafunga dirisha. Jumatano iliyofuata bodi ilikuwa ikutane kuipitisha ile stoo.

Walipokaa kutafuta njia nyingine, Manka alimnong'oneza Mbonea aliyekuwa ubavuni mwake. Alikosea mtu wa kumnong'oneza. Mbonea alikuwa Mpare wa Same, na Manka Mchaga wa Machame. Hao ni watani tangu enzi za mababu, na Mbonea hakuacha nafasi ipite.

"Jamani, huyu Mchaga anasema tuweke msiba!" alipaza sauti. "Lo, ninyi hata kifo mnakifungulia duka!"

"Nyamaza wewe," Manka alisema, uso ukimwaka moto. "Ninyi mnauza ng'ombe mpate nauli ya kwenda kushitaki kuku."

Watu walicheka, kisha wakamsogelea wamsikilize.

"Hawa wamezoea kelele," alieleza. "Ukipiga kelele, wanafunga dirisha. Lakini mtu akifiwa hawajui wafanye nini. Wanavua kofia."

Kalpana, binti wa mwenye duka kule Kenton, wazazi wake Wahindi wa Kisumu, alishaanza kuhesabu sufuria kichwani. "Zile za arusi ya dada zipo. Nani atapika?"

"Majirani. Mfiwa hapiki."

"Na majirani ndio nani?" aliuliza Philippa.

Wote walimtazama yeye na Kalpana.

"Sawa," alisema Philippa. "Na hotuba nitatoa saa ngapi?"

"Jirani hatoi hotuba, dada," alisema Manka. "Anamenya vitunguu."

Jumatano walitandika mikeka kwenye korido, mbele ya chumba cha mkutano. Wasichana walijifunga kanga, wavulana walivaa suti za kuazima. Hakuna bango wala wimbo. Mbonea alijilaza kukatiza mlango, akajifunika shuka jeupe gubigubi. Mwisho wa korido, penye jiko dogo la gesi na sufuria za Kenton, Philippa alimenya vitunguu na kulia kuliko wafiwa wote.

Wajumbe wa bodi walipofika, sauti zao ziliteremka zenyewe. Mzee mmoja alivua kofia. Bibi mmoja mwenye shanga za lulu, Bi Hargreaves, alimpa mkono kila mtu, akavua viatu, akaketi mkekani akilia. Alipoketi yeye, wengine wangesimamaje? Hata Dakta Pemberton alikunja miguu yake mirefu. Walipewa chai na andazi.

Baada ya muda Dakta alimgeukia Philippa, kama alivyozoea. "Nani amefariki, binti yangu?"

Kinywa cha Philippa kilifunguka. Manka aliiona hotuba nzima ikipanda kooni. Kisha kinywa kikajifumba. Philippa alijifuta machozi kwa kiwiko, akanyoosha kisu cha vitunguu kuelekea kwa Manka.

"Mfiwa ni yule. Mimi ni jirani tu."

Macho yote yakamwangukia Manka, na sauti yake ikakimbia kujificha. Asiposema, stoo imepita. Alilijua hilo, akabaki akisokota pindo la kanga.

"Sema bwana, Mchaga," shuka lilinong'ona mlangoni. "Sakafu ina baridi."

Manka alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha chumba cha chini, na nyuma yake sauti ikafuata.

"Marehemu ni chumba chetu, Dakta. Bado hajafa. Ndiyo kwanza mnaingia humo kumuua. Tumetandika mapema tu, ili msikose chai."

Bi Hargreaves aliweka kikombe chini. "Pemberton, nimelia kwa ajili ya viti?"

"Tuingie tukazungumze," alisema Dakta, masikio yakiwa mekundu. "Kijana, tupishe."

Shuka halikutikisika.

"Huyo ni mtani wangu," alisema Manka, na sasa hata waliokuwa ngazini walimsikia. "Kwetu mtani akiuzuia msiba haondoki mpaka apewe anachotaka. Na kumkasirikia ni mwiko."

"Anataka nini?"

Mkono ulichomoza kutoka chini ya shuka, kiganja juu. "Ufunguo wa chumba cha chini."

"Mpe," alisema Bi Hargreaves, "kisha mniinue. Magoti yamegoma."

Dakta alipapasa mfukoni. Bodi iliingia, na haikukaa sana. Stoo ilikataliwa, viti vilihamishiwa kwenye korido ya Dakta mwenyewe, ikabidi awe anapita ubavuubavu kwenda ofisini.

Safari hii gazeti la chuo lilitoa picha ya mkono mweusi ukipokea ufunguo. Pembeni, ukitazama vizuri, kulikuwa na kiwiko cha Philippa.

Kesho yake Philippa alishuka chumba cha chini, bado ananuka vitunguu. "Haya," alisema, "sasa naweza kusema kidogo?"

"Karibu chai," alisema Manka. Alimpa kikombe, akampa na dodoki la kukioshea. "Kuhusu kusema, subiri arobaini ipite."

"Na mtani hajapewa nyama yake!" Mbonea alidai kutoka kwenye kochi.

"Nenda kashitaki!" Manka alimpigia kelele, na juu kabisa, kwenye korido ya viti, dirisha likafungwa.