Uzi Mwekundu kwenye Mbangi Dume

Jasuli alirudi kutoka hospitali ya mjini na binti yake Rewati mgongoni, akakuta mibangi dume yote imeng'olewa shambani. Majirani wamemfanyia hisani. Ndivyo wanawake wa Kumaon, milimani India, wanavyosaidiana: dume hung'olewa mapema, likaloweshwa mtoni, ganda likasokotwa kamba. Jike huachwa likomaze mbegu za chatne.

Lakini dume moja halikuwa la kamba. Misimu mingi Jasuli alikuwa akichagua mbegu na kupeleka majani maabara, akitafuta kiini adimu kisicholevya. Mafuta yenye kiini hicho ndiyo pekee yaliyotuliza kifafa cha Rewati. Safari hii kilijaa kwenye miche miwili tu, jike moja na dume hilo. Jike lingepata chavua, unga wa maua ya dume hilo, mbegu zingekirithi kiini hicho. Bila dume, jike lingetoa chupa moja ya mafuta, kisha kwisha. Na Rewati alikuwa ameanguka tena ndani ya basi, mbele za watu.

"Lile lenye uzi mwekundu?" akauliza Gomati, jirani yake, Jasuli alipoliulizia. "Hilo hatukulitia majini, dada. Uzi mwekundu ni nadhiri. Nililipandisha mwenyewe mlimani, hekaluni kwa mungu Golu."

"Ungeniuliza."

"Ningekuulizia wapi? Na wewe, nani alikutuma kufunga uzi wa mungu kwenye bangi?"

Siku alipoliteua dume lile, Jasuli alikosa kitu cha kuwekea alama, akafungua uzi wa baraka mkononi mwa mtoto.

Akamwacha Rewati kwa Gomati, akapanda mlima. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka.

Dume lilikuwa limelala miguuni pa Golu, chini ya kengele, limesinyaa. Maua yake yalikuwa yamefunguka, na chavua ya manjano imetanda juu ya jiwe. Kuhani mzee alimwambia kwamba kilichokwisha kutolewa hakirudi. Jasuli akasujudu, akaungama kwamba hakuweka nadhiri yoyote, aliweka alama tu, na kwamba mwanawe anakufa kidogo kidogo.

Mzee akasema kila aletaye sadaka hurudishiwa baraka kidogo, na Gomati aliondoka bila kuichukua. Akaikwangua chavua kwa jani, akaimimina kwenye ncha ya ushungi wa Jasuli, akanyanyua chombo cha maji matakatifu ili ainyunyizie.

"Maji hapana, baba," Jasuli akasema. "Nakuomba."

Tangu azaliwe hakuwahi kuyakataa maji hayo. Mzee alimtazama, akakiweka chombo chini, akamfungulia uzi kutoka kwenye shina.

Jasuli aliteremka ameinama, fundo la ushungi limebanwa kifuani. Hakulia, maana chavua ikilowa haifai kitu. Alipofika shambani matone yalikuwa yameanza. Akalivisha jike mfuko, akakung'utia humo unga usiojaza hata ukucha, akafunga mdomo wa mfuko kwa uzi ule mwekundu. Mara hii ilikuwa nadhiri kweli.

Mvua ikamwagika. Jasuli akaukumbatia mfuko, mgongo wake ukawa paa, asijue kama unga ule bado una uhai.