Sauti ya Mwalimu Buchani

Jirani mwenye duka la sabuni alidai kwamba Jumanne saa saba mchana, yeye akiwa kwenye foleni buchani, mwenye bucha alifumba macho kuombea chakula chake, na sauti iliyomtoka ikawa ya Mwalimu aliyezikwa wiki mbili zilizopita.

"Ni yeye mtupu, dada," alimwambia Dobi. "Hadi kile kikohozi chake. Nikamsubiri amalize, maana nilitaka maini."

Dobi alikuwa akipiga pasi shuka za nyumba ya wageni. Alinyunyiza maji, akageuza shuka upande wa pili. Mwalimu alikuwa mama yake.

Haikuwa buchani tu. Kufikia Ijumaa, nesi wa zamu ya asubuhi, fundi bomba na dereva wa gari la taka, kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka wa shule ya Jumapili, walikuwa wakisali kwa sauti ya Mwalimu. Wote walinyamaza mahali pamoja, baada ya mkate wa kila siku, pale alipozoea kufumbua jicho moja ahesabu vichwa, aone nani katoroka. Mchungaji alisema hayo ni matunda ya kazi njema, akawaomba wanakwaya wasicheke ikifika zamu ya kikohozi.

Dobi peke yake alisali kwa sauti yake mwenyewe. Alijaribu akiwa amepiga magoti, akajaribu akiwa anasuuza, ikatoka ile ile ya kwake, nzito kama nguo mbichi. Hakuwahi kukaa kwenye ule mkeka hata siku moja. Tangu ana miaka minane, Jumamosi alipiga pasi majoho meupe arobaini ya watoto wa darasa la Mwalimu, na Jumapili, wenzake wakiyachafua, yeye alibaki nyumbani kupika.

"Wewe ni wangu," mama alimwambia. "Wewe nitakufundisha hapa hapa nyumbani."

Lakini akirudi alikuwa hoi, sauti imemkauka, anaomba maji kwa mkono. Ukaja utu uzima, wale watoto wakapata kazi na watoto wao. Ukaja uzee, mama akalala kitandani miaka miwili bila kutamka neno. Dobi alimgeuza ubavu huu na ule ili asipate vidonda. Wale wa kwenye mkeka walituma salamu.

Jumamosi, saa saba kasoro, alikwenda buchani.

"Pole na msiba, dada," alisema mwenye bucha. "Kuja kumwona tulitaka sana. Tulibanwa tu."

"Nimeshapoa. Sikuja kwa hilo. Ukisali leo, ukifika pale anaponyamaza, niachie nafasi nimwambie neno."

"Mimi simwendeshi, dada. Ananiingia tu, akimaliza anatoka. Ila simama hapo karibu na mizani, utasikia vizuri."

Alinawa mikono, akafunika bakuli lake, akafumba macho. Sauti ikatoka, ya mama wa miaka thelathini nyuma, nyororo na yenye nguvu. Dobi hakuwa ameisikia hivyo. Nyumbani ilikuwa inafika imekwisha. Iliwaombea wagonjwa na wasafiri, kisha ikawataja watoto kwa majina ya utani iliyowapa: Kijino, ambaye ndiye mwenye bucha, Msumari, Bwana Usingizi, Kipini. Waliokuwa kwenye foleni waliitika "nipo" taratibu, kila mmoja lilipofika lake. Dobi aliyafahamu yote arobaini. Ni yeye aliyeyashona kwenye kola za majoho, kwa uzi mwekundu.

Ikaja Baba Yetu, ukaja mkate, kukawa kimya.

Jicho moja la mwenye bucha likafumbuka. Likapita juu ya foleni likihesabu, kichwa baada ya kichwa, likampita Dobi kama lilivyoipita mizani.

"Mama," alisema Dobi. "Na mimi nitaje. Mara moja tu."

Jicho likamaliza foleni hadi mlangoni, likafumba. Kikohozi kikaja. Sauti ikaendelea na kusamehewa makosa, ikaenda hivyo hivyo hadi amina, na foleni yote ikaitikia.

Mwenye bucha alifunua bakuli, akala tonge mbili kwa haraka, akachukua kisu. Dobi alikuwa bado kasimama penye mizani.

"Haya, dada," alisema. "Ya mfupa au steki?"