Saa Mbili Ipi?

Mimi na wifi yangu tulibishana miezi miwili kuhusu siku ya kuuachia hadharani mchezo wetu wa kompyuta, na siku tulipokubaliana ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza niseme mchezo wenyewe. Unaitwa Foleni. Unaingia mtandaoni, unasimama kwenye mstari mbele ya dirisha la ofisi, na walioko mbele na nyuma yako ni watu halisi, kila mmoja yuko kwao. Unatakiwa ufike dirishani kabla karani hajaenda kunywa chai. Unaweza kubembeleza, kudanganya kwamba una mgonjwa nyumbani, kumshikia mtu nafasi, au kupenya ubavuni ukijifanya unauliza tu. Programu niliandika mimi. Wifi, dada wa mume wangu, ndiye aliyechora kila kitu: dirisha, mabenchi, viatu vya watu, na karani mwenye miwani anayekutazama kana kwamba umemkatisha usingizi. Miaka mitatu tumekaa sebuleni kwangu, yeye kwenye kiti cha plastiki, mimi kwenye kochi lililobonyea, tukitengeneza foleni ya watu ambao hawajafika.

Sheria moja ilikuwa yangu, na sikukubali iguswe: dirisha halifunguki mpaka wawepo watu kumi kwa wakati mmoja. Foleni ya watu wawili si foleni, ni mazungumzo. Wifi aliniuliza, "Na siku ya kwanza wasipofika kumi, tutauficha wapi uso?" Nikamwambia watafika. Mimi ndivyo nilivyo, nikishasema nimesema.

Kwa hiyo siku ya kuuachia ilikuwa ndiyo roho ya kila kitu. Lile duka kubwa la michezo mtandaoni linakuweka ukurasa wa mbele siku yako ya kwanza, kama mgeni anavyopewa kiti kizuri, kisha kesho yake unajua mwenyewe. Mimi nilitaka wiki ya kufunga shule. Wifi akasema wiki hiyo duka lina punguzo la bei, nani atatuona katika kelele zile. Nikasema basi wiki inayofuata. Akasema wiki inayofuata makampuni mawili makubwa yanatoa michezo ya vita, fahari wawili hao, na sisi nyasi. Kila tarehe niliyoleta alikuwa na sababu, na kila aliyoleta yeye nilikuwa na kisirani. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa akisahihisha madaftari pembeni. "Mngekuwa mnapanga harusi," alisema siku moja, "wajukuu wangeshaota meno."

Halafu wifi akapata barua. Kampuni ya vitabu vya watoto, katika mji ulioko mwendo wa siku nzima kwa basi, ilimtaka awe mchoraji wao. Walitaka jibu kabla Jumamosi haijaisha. Alinisomea barua akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema, "Tuuachie Jumamosi hiyo hiyo. Watu kumi wakisimama pamoja, hata dakika moja, nabaki. Wasiposimama, nakwenda. Na mimi na wewe hatuhesabiwi."

Bila yeye mimi ni mtu wa kuandika amri zisizo na sura. Na si mchezo tu. Ndiye mtu ninayecheka naye nyumba hii, kaka yake akicheka mara moja kwa muhula. Lakini sikumwambia hivyo. Nilisema, "Sawa. Kumi watafika."

Mume wangu ndiye aliyejaza fomu ya duka, maana sisi tulikuwa jikoni na mikono ina unga. Akauliza kutoka sebuleni, "Saa ngapi?" Tukajibu kwa pamoja, "Saa mbili." Tukatazamana, tukacheka. Miezi miwili ya ubishi, kumbe tulikuwa na wazo moja. Usiku ule nikaandika tangazo kwenye kundi letu la watu mia na ushee waliosema watakuja: Jumamosi, saa mbili, msichelewe.

Jumamosi saa mbili kasoro robo asubuhi nilikuwa nimeshaoga na kukaa mbele ya kompyuta kama bi harusi. Saa mbili kamili nikafungua ukurasa wetu dukani. Imeandikwa: bado. Nikasubiri dakika tano. Bado. Kundini watu wakaanza. "Tupo, mbona mlango umefungwa?" "Nimeamka mapema kwa ajili yenu." Nilihesabu ishirini na wanane. Watu ishirini na wanane kwa mpigo, na mlango umefungwa.

Nikaenda kumgongea wifi chumbani kwake. Alifungua akiwa na nguo za kulalia na alama ya mto shavuni.

"Wifi, saa mbili imefika na mchezo haujafunguka."

Akanitazama. "Saa mbili ya usiku, wifi. Watu wakiwa wametulia nyumbani. Nani anacheza asubuhi hii?"

"Mimi nilisema asubuhi."

"Ulisema saa mbili."

Mume wangu akatokea koridoni na mswaki mdomoni. Akautoa. "Unafunguka saa nane mchana," akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Niliuliza saa ngapi, mkasema mbili. Nikaandika mbili. Fomu ikauliza asubuhi au mchana, nikaweka mchana, maana nani anacheza saa nane za usiku?"

"Ile fomu inahesabu kwa saa za kwao, za Kizungu," nikasema. "Mbili yao ni nane yetu."

"Najua. Nilidhani mmeshatoa sita."

Mwalimu wa hesabu, miaka kumi na moja kazini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku ile nilitamani kichwa changu na chake tuvinyoe. Nilirudi kwenye kompyuta nibadilishe saa, nikakuta duka halikuruhusu siku yenyewe ikishafika, mpaka uwaandikie wahusika. Nikawaandikia. Wakajibu kwa mashine kwamba wameipokea barua yangu na wanaithamini.

Niwaambie watu warudi saa nane? Wengine wangefikiri ni saa nane ya simu, ambayo ni saa mbili, ambayo imeshapita. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine wenye nyakati sita tofauti ndani yake, nao nikaufuta. Mwisho nikatuma: "Saa nane mchana, jua likiwa kali." Mtu mmoja akajibu kwao mvua inanyesha.

Wifi hakugomba. Hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Alichukua pasi akaanza kunyoosha nguo zake, blauzi moja baada ya nyingine. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini mimi nilikuwa na kelele zangu mwenyewe, sikusikia.

Saa nane mchezo ukafunguka. Akaingia mmoja, wakawa watatu, wakawa wanne. Wawili wakatoka. Wakaingia watatu. Saa tisa walifika saba, nikasimama kwenye kochi. Wifi aliacha pasi juu ya ubao akaja kusimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake sikioni. Kisha wakawa sita, wanne, mmoja. Huyo mmoja akatuandikia maoni dukani: "Nimesimama dakika ishirini peke yangu. Sijui kama huu ni mchezo au ni maisha yangu." Maoni ya kwanza ya Foleni hayo.

"Ngoja nishushe wawe watano," nikasema. Sikuamini kama ni mimi niliyesema.

"Tulikubaliana kumi," wifi akajibu, akarudi kwenye pasi.

Jioni nilikuwa sina hasira tena, nilikuwa na hofu tu. Saa mbili usiku ilipokaribia tulikaa watatu sebuleni. Wakaja watano, wakaja saba. Wa asubuhi wengine walirudi kwa ubishi tu. Mmoja aliandika, "Mimi nilikuwepo asubuhi, nikaenda sokoni, nafasi yangu iko wapi?" Wenzake wakamwambia aende mwisho kama watu wengine. Mwingine akauliza nani alikuwa nyuma ya nani. Ugomvi ukazuka mbele ya dirisha lililofungwa, ugomvi mtamu, hakuna aliyetoka. Wakafika wanane. Wakafika tisa.

Wakabaki tisa. Dakika tano, dakika kumi. Mume wangu alikuwa akihesabu kwa kidole kwenye kioo kana kwamba mmoja amejificha. Nikageuka nimwambie wifi asikate tamaa, na nikamwona. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Alikuwa ameegemea ukuta, uso umelegea, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa.

Ndipo akaingia wa kumi.

Dirisha likafunguka. Karani akarekebisha miwani, akasema, "Anayefuata." Kundi likalipuka kwa vicheko na mume wangu akapiga makofi kama yuko mahafali. Wifi akasema, "Hongera, wifi," akanishika bega, akaenda jikoni. Nikamsikia akiosha vikombe. Vikombe nilikuwa nimeviosha mimi saa moja iliyopita.

Nikamfuata.

"Ulitaka wasifike," nikasema.

Alikuwa amenipa mgongo. "Asubuhi nilitaka wasifike. Mchana walipofika saba nikataka wafike. Sasa hivi walipokuwa tisa nikaomba wabaki tisa. Wamefika kumi na sijui nimefurahi au nimefiwa. Usiniulize, mimi mwenyewe sijielewi."

"Kwa nini hukuniambia tu kwamba unataka kwenda?"

"Wewe unaambilika?"

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nilitaka abaki. Nilitaka abaki kwa nguvu kiasi cha kumchukia aliyeandika ile barua. Na niliona pia kwamba miaka mitatu nimemkalisha kwenye kiti cha plastiki nikimwambia watu watakuja.

Alifuta mikono akanipa simu yake. Alikuwa ameandika majibu mawili, la kukataa na la kukubali, ili atume moja kabla siku haijaisha. La kukataa lilikuwa na mistari miwili: asante, samahani. La kukubali lilijaza kioo kizima, na bado liliendelea chini. Alikuwa ameshawaeleza atakavyowachora watoto, kwamba hatawachora wakitabasamu muda wote, kwamba viatu vyao vitakuwa vimechakaa upande mmoja.

Nikalifuta lile fupi. Nikamrudishia simu.

"Tuma," nikasema, "kabla sijageuka."

"Lakini walifika kumi, wifi."

"Walifika. Tuma."

Alituma. Kisha akalia begani kwangu na mimi nikalia kichwani kwake, maana ni mfupi, na mume wangu alichungulia mlangoni, akatuona, akarudi alikotoka. Angalau mara hiyo alipiga hesabu vizuri.

Wifi alikwenda kuosha uso. Nilirudi sebuleni nikakaa mbele ya kompyuta peke yangu. Sasa walikuwa kumi na wanne kwenye foleni, na mmoja alikuwa akiuliza ni nani aliyemchora yule karani, mbona anafanana na shangazi yake. Nikaandika: ni wifi yangu. Nikalitazama neno hilo muda mrefu. Kisha nikalifuta, nikaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, ili wamjue.