Buluu ya Mwende

Chupa ya Mwende iligeuka buluu siku ya pili, yangu ikabaki na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Tulitumia mawe yaleyale yenye shaba, tukayasaga pamoja, tukayatia kwenye amonia ileile. Nilimwonea wivu hadi chai ikanishinda.

Maabara ya chuo chetu hapa Nyeri ilikuwa na pampu moja tu ya hewa, tuliyoipata kwa wafuga samaki wa Sagana, ikigawa hewa kwa mipira miwili myembamba. Kwa kazi yetu, bila hewa hakuna kitu. Oksijeni huitenganisha shaba na salfa iliyong'ang'aniana nayo ndani ya jiwe, kisha amonia huibeba shaba hadi majini, na hiyo ndiyo buluu. Mwalimu wetu, Khisa, alikuwa na nafasi moja ya kupeleka mwanafunzi kwenye migodi ya Zambia, na angempa atakayetoa shaba nyingi. Yaani mimi mzaliwa wa Naro Moru nipitwe na msichana aliyekuja juzi kutoka Machakos, tena mpole, tena anayeimba akisaga mawe?

Nikamlalamikia Khisa kwamba Mwende anapata hewa zaidi yangu. Mwende hakubishana. Alichomoa mpira wake.

"Kama ni hewa, chukua yote," akasema. "Mimi nitatikisa yangu na mkono."

Nikachukua, na aibu sikuona. Nikafungulia pampu hadi mwisho. Chupa ikajaa mapovu, na kufikia adhuhuri maji yakawa buluu kweli, nikawa natembea maabara nzima kama mwenye shamba. Harufu ya amonia ilisambaa, watu wakafungua madirisha. Sikujiuliza inatoka wapi.

Asubuhi buluu ilikuwa imefifia, na chini pametuama tope la kijani. Hewa yangu nyingi ilikuwa imeifukuza amonia yote kupitia dirishani, na shaba, ikikosa wa kuibeba, ikazama. Chupa ya Mwende, aliyoifunika na kuifungua kidogo kidogo tu, ilikuwa imekoza kama wino.

Khisa alinikuta nikifuta macho.

"Wakonyo, uko na shida gani?"

"Ni hii amonia, mwalimu."

Akaiinua chupa yangu, akainusa, akainusa tena. Kisha akairudisha mezani polepole. Haikuwa na harufu yoyote.