Ofisi ya Papa Wenceslas Inashuka

Asubuhi ya Jumanne, uani kwake mtaani Kabondo, tonton Nephtali alichomoa kebo ya breki kwenye baiskeli ya toleka iliyomaliza miaka yake ya kubeba abiria, akaipaka mawese kwa sababu mafuta mengine yalikuwa yamekwisha, akaifunga kwenye kanyagio la breki la pikipiki ya Kichina. Ncha ya pili akaipandisha hadi mkononi. Ursule, binti wa dada yake, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki hiyo, akavuta. Magurudumu ya nyuma yakasimama. Kuku aliyekuwa akipita karibu naye akasimama, kwa heshima.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho. Kabla yake Nephtali alikwisha kuiondoa gia mguuni na kuiunganisha na fimbo ya chuma iliyofika kwenye kiganja cha kushoto. Aliongeza gurudumu la pili nyuma, ili chombo kisimame chenyewe bila mtu kukanyaga chini, na kiti chenye mgongo kilichowahi kuwa dawati la shule. Ekseli aliichomelea nusu, umeme ukaondoka. Nusu iliyobaki akaifunga kwa kamba za msituni, kama ndugu zake Wagenia wanavyofunga nguzo za mitego ya samaki kule kwenye maporomoko ya mto. Nusu ya kamba ndiyo aliyoiamini. Kamba hizo, alisema, zimejaribiwa na mto mzima. Umeme haujajaribiwa na yeyote, maana haukai.

Ursule alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Polio ilimpata akiwa mchanga, ikaichukua miguu yote miwili na kumwachia vingine vyote, mdomo ukiwemo. Alitaka kuwa motard, abebe abiria kama motards wengine wa mjini. Wenzake wa Kabondo walikwisha kumtengea nafasi kwenye maegesho yao na kuiwekea jiwe kubwa ili mtu asiichukue. Kilichobaki kilikuwa permis, leseni ya kuendesha. Bila permis, polisi wa barabarani wangeipeleka pikipiki kwenye uwanja wao, na kila mtu alijua kwamba humo pikipiki huingia ikiwa nzima na kutoka ikiwa fremu.

Ofisi ya permis ilikuwa katika jengo la ghorofa moja la zamani za Wabelgiji, lenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Mkaguzi, Monsieur Benoît, alimtaka Ursule azunguke mapipa, asimame ghafla, aondoke tena kwenye mwinuko. Ursule alifanya yote. Benoît akatamka mbele ya watu kwamba binti huyu anaendesha kuliko wengi wenye miguu, na kwamba sasa imebaki sahihi tu. Kila dereva alipaswa kusaini mbele ya mkubwa wa ofisi, Papa Wenceslas, na Papa Wenceslas alikaa juu. Ngazi za kwenda kwake zilikuwa za saruji, nyembamba, zenye kona katikati.

Walinzi wawili walijitolea kumbeba. Mmoja alikwisha kuinama na kutoa mgongo.

"Mimi nilikuja kutafuta permis ya kuendesha moto, siyo ya kubebwa kama gunia," Ursule alisema. "Mukubwa ashuke."

Mlinzi mzee, Papa Octave, alipanda kupeleka neno hilo. Alikaa kidogo huko juu, akashuka na jibu.

"Anasema eti mukubwa hashuki."

"Bon. Nitangoja."

Akaisogeza pikipiki hadi chini ya dirisha la Papa Wenceslas, akavuta breki, akafungua kwanga yake, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, akangoja. Saa za kazi zilipokwisha akawasha pikipiki na kurudi nyumbani kwa njia za uchochoroni, ambako polisi hawapendi kuchafua viatu.

Alipofika kesho yake, Papa Octave alimwambia, kama mtu anayetoa taarifa kwamba mkate haujafika, kuwa ngazi ya chini haipo. Jana ilikuwepo, aliikanyaga mwenyewe. Ursule akauliza kama zilizobaki ni nyingi. Octave akageuka kuzitazama, akasema ndiyo, bado ni nyingi. Ursule akavuta breki.

Jengo lilikuwa linashuka. Lilishuka bila ufa na bila kelele, na lilishuka tu wakati Ursule akingoja. Jumapili, alipokuwa kwenye misa, lilitulia. Malaria ilipomlaza, lilitulia pia, hadi baadhi ya makarani wakasema walikuwa wamekwisha kuzoea kule kushuka, na kwamba kiti kisichoshuka kinachosha mgongo.

Huduma za chini ziliendelea kama kawaida. Milango ilipokuwa mifupi, watu waliingia wameinama, jambo ambalo wafanyakazi waliliona ni la adabu na lililochelewa. Milango ilipozama kabisa, watu wakaingia kwa dirisha. Hapo kukatokea shida, kwa kuwa Mama Priscille wa mihuri alikuwa mama mwenye mwili, na dirisha lilimkamata kiunoni. Dirisha likapanuliwa mchana ule ule. Mfanyakazi wa serikali, walisema, hawezi kuachwa nje ya kazi yake kwa sababu ya namna alivyoumbwa.

Nephtali alisikia habari hiyo akaja na kofia mkononi. Aliomba ruhusa ya kujenga mteremko wa kuzunguka jengo hadi juu, kazi yake atoe bure, wao watoe saruji. Walimpokea vizuri, wakampa kiti. Saruji, walimweleza, haiko katika jimbo zima. Inangojewa kwa boti kutoka Kinshasa, na boti lenyewe linangoja maji yapande. Nephtali akavaa kofia yake.

Injinia mmoja alitumwa kuchunguza. Alipima jengo kwa utepe, juu na chini, akatangaza kwamba halina kosa lolote: urefu wake wote upo, hakuna hata kidole kilichoibwa, sehemu yake tu imehamia ardhini. Akapewa kinywaji baridi, akaondoka.

Motards wa Kabondo walikuja kumwona Ursule wakati wa mapumziko, wakazipanga pikipiki zao nyuma ya yake. Jérémie, aliyekuwa msemaji wao kwa sababu ya sauti, alileta shauri. Kaka yake Ursule ana permis. Aibebe hiyo. Polisi wanaangalia muhuri tu, hawaangalii uso. Yeye mwenyewe aliendesha miaka miwili kwa permis ya marehemu shemeji yake, na marehemu hakulalamika.

"Na siku nikigonga mutu," Ursule aliuliza, "atakamatwa nani? Kaka?"

"Donc usigonge."

"Jérémie, miguu yangu imekufa. Jina langu iko hai. Nalitaka kwenye karatasi."

Mama yake pia alikuja, na samaki waliofungwa kwenye majani. Hakumwomba arudi nyumbani, ingawa ndilo alilokuwa amelijia. Alitazama jengo, akatazama samaki, akasema dada mdogo wa Ursule amechoka kuwabeba kichwani kutoka maporomoko hadi soko, shingo inamuuma. Ursule akajibu kwamba pikipiki itawabeba. Mama akauliza lini. Ursule akamwonyesha dirisha la juu, ambalo siku hiyo lilikuwa limefika kimo cha mtu mrefu aliyenyosha mkono.

Nalo likaendelea kuja. Siku moja kabla ya adhuhuri kizingiti chake kilifika sawa na usukani wa pikipiki, kikasimama. Ndani, Papa Wenceslas alikuwa anakula wali kwa madesu, maharagwe ya mawese. Alikuwa mtu wa tabia njema, mwenye miwani safi. Akafuta mdomo.

"Bonjour, papa."

"Bonjour, mwanangu."

"Niko mbele yako."

"Naona."

"Na kalamu ninayo."

Papa Wenceslas aliifunika sahani yake. Alianza mbali, kama watu waliosoma wanavyoanza. Alisema yeye hana ubaya na mtu. Binamu yake mwenyewe huko Opala anatembelea mkongojo. Alisema Monsieur Benoît amesifu uendeshaji na yeye hapingi. Lakini ofisi ya mukubwa huwa juu, na hivyo ndivyo watu wanavyojua kwamba kuna mukubwa. Tangu asubuhi mbuzi wawili wamechungulia dirishani kwake, na mmoja amekula pembe ya barua kutoka Kinshasa. Sahihi ikitiwa mahali kama hapa, kesho nani ataiheshimu?

"Alors unanikatalia," Ursule alisema.

"Sikukatalii. Ninasema upande."

"Nipande wapi, papa? Juu iko mabati tu."

"Kutakuwa na ghorofa."

Na ghorofa ikawa. Saruji ilifika wiki ile ile, lori zima, na hakuna aliyemwuliza dereva kama maji yalipanda. Waashi wakaezua mabati, wakainua kuta, wakaacha nafasi ya dirisha pana linalotazama upande wa mto. Ngazi hazikuwa tayari, lakini Papa Wenceslas hakutaka kulala usiku mmoja zaidi katika cheo cha mbuzi. Walinzi wawili walimpandisha mgongoni kwa kamba na mbao, miwani mkononi. Baada yake ukapanda muhuri, kisha kiti. Makarani walisimama chini wakipiga makofi ya kiasi. Hakuna aliyesema ni aibu kubebwa, maana alikuwa anakwenda kazini.

Ursule alitazama hadi mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kungoja, aliwasha pikipiki bila kwenda nyumbani. Papa Octave alidhani amekata tamaa, akavua kofia kumuaga. Lakini Ursule alizunguka tu upande wa pili, ambako dirisha jipya lilikuwa linatazama, akaegesha chini yake, akazima. Kamba za ekseli zililia kidogo, zikakaza.

Hakuwa peke yake tena. Mzee mmoja kutoka Lubunga alikuwa amevuka mto na baiskeli yake ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Alikuwa anatafuta pensheni inayosainiwa kwenye jengo jingine, nalo lina ngazi, akaona afadhali aanze kwa kujifunza. Akauliza kazi yenyewe inafanywaje. Ursule akamwambia unavuta breki, unaangalia dirisha, basi. Mzee akavuta. Akauliza kama ni ruhusa kusinzia. Ursule akasema yeye hajawahi kujaribu.

Juu, waashi waligundua kitu mapema kuliko wakubwa wao, kwa sababu timazi ndiyo ilikuwa mikononi mwao. Fundi wao, Léon, kijana mpole mwenye saruji kwenye kope, alishuka kwa kamba, akaja hadi kwenye pikipiki na kusimama kando, kama mtu anayeingia katika nyumba ya watu.

"Yaya Ursule," alisema, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa, "samahani. Unaweza kungoja polepole kidogo? Saruji ingali mbichi."

Ursule alimtazama. Alimwuliza kama amekula. Léon alisema bado. Akamkatia nusu ya kwanga na kipande cha samaki, akangoja hadi alipomeza.

"Nangojaka namna moja tu," alimwambia.

Léon alishukuru kwa chakula. Hakuonekana kukasirika, kazi ingekuwepo mwaka mzima. Alipanda tena kwa kamba yake, akapiga kelele kwa wenzake waongeze mifuko na wasihangaike na rangi. Kutoka dirisha jipya Papa Wenceslas alitokeza kichwa, akatazama mto, akatazama mji wake wote, akatazama chini. Ursule akamnyoshea kalamu. Jengo likaendelea kushuka.