Safu ya Tisa

Mimi ni fundi cherehani, na sijisifu nikisema kwamba mshono wangu wa ndani hauonekani. Wateja wamegeuza makoti nje ndani mbele ya dirisha wakitafuta nilipopita na sindano, wakaishia kucheka. Ujuzi huo ndio ulioniponza. Fundi mbovu angeshona ovyo, uzi ukaning'inia, mtu akauona akauliza kuna nini humu. Mimi nilishona vizuri.

Tulikuwa tunakwenda mji mmoja huko Asia, siku nne kwenda na kurudi, mimi na mume wangu. Mtaani wanamwita Mzee Rangi, kwa sababu miaka arobaini amechora mabango ya maduka, na kucha zake sijaziona safi tangu anioe. Tiketi alitukatia kijana wetu wa kwanza. Majirani wakatuonea kijicho, wakasema wazee hawa sasa wanakwenda kula maisha. Tukawaacha waseme. Tulikuwa tunakwenda kuliona kaburi la kitindamimba wetu.

Binti yetu alifanya kazi huko ya kutunza wazee wa watu, kuwalisha na kuwaogesha, katika jumba moja la ghorofa. Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku sita. Sisi hatukuwa na pasipoti, si mimi si baba yake. Wenzake wa kazini wakamzika, na mmoja wao, msichana wa kwetu aliyekaa naye chumba kimoja, akatuandikia barua. Akaeleza kwamba makaburi ya wageni huko hayawekwi majina. Kila moja lina kigingi cha zege chenye namba, basi. Akaandika eneo, safu na namba yenyewe. Baada ya miezi michache naye akahama, na simu yake haikupatikana tena.

Mume wangu aliposikia habari za namba alikasirika, hata hakutaka nimsomee. "Namba ni ya gari na ya mfungwa," alisema. "Mwanangu ana jina." Akakata bati, akalipiga msasa, akalipaka rangi nyeupe mara tatu, akaliwekea miguu miwili ya chuma. Kisha akaandika jina la binti yake kwa rangi nyeusi, herufi moja kwa siku. Sijawahi kumwona akienda polepole namna ile, hata kwa wateja wakubwa. Alipomaliza akaniambia, "Fundi, nikishakisimamisha hiki kibao kichwani kwake, nadhani nitaweza kulala." Miaka mitatu alikuwa halali vizuri. Akilala saa mbili tatu anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, anapumua kwa nguvu kama aliyepanda ngazi.

Sasa ile barua. Mume wangu hupoteza kila kitu chenye umbo la karatasi. Cheti chetu cha ndoa alikipoteza akiwa amekishika mkononi. Kwa hiyo nikaikunja barua mara nne, nikaizungushia kipande cha kitambaa laini, nikaishona ndani ya bitana ya koti lake, upande wa kushoto. Sikumwambia. Ningemwambia, angelipapasa koti lile kila dakika tano njia nzima, mpaka kila mwizi ajue pa kukata. Kuinakili mahali pengine sikuinakili, wala wanangu wengine sikuwaonyesha; barua ilikuwa yangu, ilikaa kwenye droo ya cherehani yangu miaka yote mitatu. Nilijiona mjanja. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha hadi nikamficha mwenye koti.

Mambo yalianza kwenda mrama uwanja wa ndege. Sanduku letu halikutoka. Tulisimama mbele ya ule mkanda wa mizigo, masanduku ya watu yakitupita na kuondoka na wenyewe, mpaka mkanda ukazimwa. Kibao kilikuwa ndani ya sanduku. Msichana wa kaunta akatabasamu, akatuandikia karatasi, akatuonyesha kwa mikono: kesho, labda. Mume wangu akasema bila kibao makaburini haendi. "Nitamwambia nini? Nimekuja kukutazama tu?"

Siku ya kwanza tukaimalizia chumbani katika nyumba ya wageni. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba mmoja akitaka kuvaa viatu, mwenzake sharti apande kitandani. Choo kilikuwa na vitufe pembeni. Mume wangu akabonyeza kimoja, akarushiwa maji, akatoka mbio ameshika suruali, analalamika kwamba amevuka bahari kuja kutukanwa na choo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikucheka tena safari ile, na namshukuru Mungu kwamba angalau siku hiyo nilicheka.

Siku ya pili tukalifuata sanduku. Tukapanda basi lenye namba tuliyoandikiwa, ila lilikuwa linakwenda upande mwingine. Likatutupa mwisho wa mji, kwenye maghala, na mvua ikatukuta hapohapo. Hapakuwa na pa kujibanza ila chini ya kijipaa cha mlango uliofungwa. Mume wangu akavua koti akanifunika kichwa. Mzee wa miaka sitini na nane, analowa ili nywele za mkewe zisilowe.

"Vaa koti lako, mzee, utaugua."

"Nikiugua utanishona," akasema.

Nilikipapasa kifua cha koti kwa siri. Karatasi ilikuwa bado inachakarisha, kavu ndani ya kitambaa chake. Nikatulia. Tukauliza kwa vidole, tukapanda basi jingine, tukafika uwanja wa ndege, sanduku likawepo. Mume wangu akalifungua palepale mbele ya watu, akatoa kibao, akakitazama pande zote mbili. Hakikuwa na mkwaruzo. Akamshika mkono yule msichana wa kaunta, akamshukuru kwa Kiswahili, mstari mrefu, na msichana akawa anaitikia kwa kichwa.

Tulirudi chumbani jioni, tumelowa chapachapa. Nikaingia kuoga kwanza. Nilipotoka nikamkuta mume wangu amekaa kitandani kifua wazi, amefurahi.

"Yule mama wa nyumba ya wageni amelichukua koti. Amesema ataliosha. Watu wema hawa, Fundi."

Nilishuka ngazi na kanga moja mwilini, maji yakinitiririka. Mashine ya kufulia ilikuwa uani, yenye mlango wa kioo cha duara, na koti lilikuwa ndani, linazunguka kwenye povu. Nikauvuta ule mlango. Ulikuwa umejifunga. Nikaugonga, nikamwonyesha yule mama kifua changu, nikamchorea karatasi hewani, nikamwonyesha kuandika. Alidhani namshukuru. Akanionyesha vidole vinne, kisha ngumi: dakika arobaini. Akanipa kiti.

Nilikaa dakika arobaini nikilitazama koti likigeuka. Mume wangu akashuka akaniuliza kuna nini, na sikuwa na namna, nikamwambia. Aliweka mkono juu ya mashine, ikawa inamtetemesha mkono, naye hauondoi.

Koti lilipotoka nikaliweka mapajani nikaanza kufumua. Mshono wangu ulinitaabisha. Nilikuwa nimeshona karibukaribu mno, mpaka nikatumia meno. Barua ilikuwa imegandana. Juu ilisomeka eneo, na "safu ya tisa", kwa sababu yule msichana aliyetuandikia alikuwa amekandamiza kalamu pale. Kuanzia hapo kwenda chini wino wote ulikuwa umetawanyika, buluu tupu.

"Hukumbuki namba?" mume wangu akauliza.

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Barua ile nimeisoma mara nyingi kuliko kitu chochote maishani, lakini macho yangu hayakuwahi kukaa kwenye namba. Yalikuwa yanaruka moja kwa moja mpaka pale alipoandika kwamba siku ya mwisho binti yangu aliomba achanwe nywele, na kwamba yeye alimchana mpaka akalala. Hayo naweza kuyasema neno kwa neno. Namba nilijua ipo, nikajua nimeihifadhi, nikaona yatosha.

"Sikumbuki," nikasema.

Angenifokea, ningepata pa kushika. Hakunifokea. Alipanda ngazi akalala akaangalia ukutani, na asubuhi alivaa lile koti bila kuniangalia.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa siku yetu ya mwisho. Ndege ilikuwa alfajiri ya kesho yake. Tulifika makaburini mapema. Ofisi ilikuwa imefungwa, siku ya mapumziko. Mlinzi wa getini, mzee kama sisi, alisoma jina la eneo lililosalia juu ya barua yetu, nikamwonyesha vidole tisa, akatupeleka mwenyewe hadi eneo la wageni, akatuhesabia safu kwa kidole. Ya tisa. Kisha akatugeukia akingoja tumwambie namba. Nilipomwonyesha ule wino uliotawanyika akavua kofia, akaondoka taratibu.

Makaburi yalikuwa thelathini na moja. Niliyahesabu kwenda na kurudi. Yote sawa: kigingi cha zege, namba, majani yaliyoota yatakavyo. Mume wangu alipita moja baada ya jingine, kibao kwapani, anasimama, anasoma namba, ananitazama. Mimi natikisa kichwa. Anasogea. Tulifanya hivyo mpaka mwisho wa safu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile niliujua na wa mzazi mwenzangu, kwa sababu kila nilipotikisa kichwa niliona bega lake moja likishuka.

Nikapiga magoti nikaanza kung'oa majani, kaburi la kwanza, la pili, la tatu. Nikajiambia nikisafisha yote, la mwanangu litakuwa mojawapo. Nilipofika katikati, mgongo unawaka, nikamwona mume wangu amekaa chini mwisho wa safu, kibao mapajani, analipangusa jina kwa mkono wa koti ingawa halikuwa na vumbi.

"Hebu twende nacho nyumbani," akasema. "Siwezi kukichomeka popote tu. Nitakuwa nimemwibia mtoto wa watu kaburi lake."

Alisema bila hasira. Aliongea kama mtu aliyefunga duka na hatafungua tena. Nikamwona atakavyorudi na kile kibao sandukuni, atakavyokiegemeza mahali kwenye kibanda chake cha kuchorea, na atakavyokaa ukingoni mwa kitanda mpaka afe. Na mimi nyuma yake, nikijua ni kwa sindano ya nani.

"Kumi na saba," nikasema.

Akainua kichwa.

"Ni kumi na saba. Nimeiona namba hapa nikaikumbuka. Aliiandika saba yenye mstari katikati."

Ndilo kaburi nililokuwa nimepiga magoti mbele yake. Sikulichagua kwa sababu nyingine yoyote. Uongo nao una mshono. Ukitaka usionekane, lazima uweke kitu kidogo cha kweli kila baada ya hatua, na msichana yule kweli alikuwa anaandika saba zake hivyo.

"Una hakika, Fundi?"

"Nina hakika, baba."

Alikuja karibu mbio, mzee yule. Akachimba kwa mikono, akasimamisha miguu ya kibao, akashindilia udongo kwa kisigino, akarudi nyuma hatua tatu kuangalia kama kimenyooka, kama afanyavyo kwenye maduka. Kisha akalia. Miaka mitatu sikumwona akilia, sasa alilia kwa sauti, bila haya, ameshika kibao juu. Akaanza kumsimulia binti yake habari zote: kaka yake amepata mtoto wa pili, nyumba tumeiezeka upya, yule mbwa mkorofi wa jirani alikufa. Nilisimama pembeni nikisikia, na macho yangu yanakwenda kwenye vigingi vingine. Cha kumi na sita. Cha ishirini. Kile cha mwisho kilichoinama.

"Njoo nawe useme naye," akaniita.

Nikapiga magoti kando yake. Kwa sauti nikasema, "Mwanangu, tumefika." Kimoyomoyo nikasema: wewe uliyelala hapa, sikujui, na mama yako hanijui. Nisamehe. Nimekupa jina ambalo si lako, na baba ambaye si wako, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa.

Tulikaa mpaka jua likawa kali. Mume wangu akainuka, akajipangusa magoti, na usoni mwake nikamwona yule kijana aliyenioa. Tukaanza kutoka. Njiani akasimama.

"Nikuambie kitu, mama? Tangu juzi jioni nilikuwa nimeanza kukuchukia. Nilikuwa nawaza tukifika nyumbani nitahamia chumba cha nje."

"Ilikuwa jana jioni," nikasema.

"Jana, juzi, siku zilinipotea. Unisamehe. Kama usingeikumbuka ile namba, mke wangu, sijui ningeishi na wewe vipi."

"Yamekwisha," nikamwambia.

Akanishika mkono, kitu ambacho hajafanya mbele za watu tangu tuko vijana, tukatembea hivyo kuelekea getini. Nikageuka mara moja kutazama nyuma. Kibao cheupe kilionekana kwa mbali, kimenyooka, kazi ya mtu anayejua kazi. Makaburi mengine thelathini hayakuwa na kitu, na katika mojawapo mwanangu alikuwa amelala, amemsikia baba yake akija kutoka mbali na kuongea na mtu mwingine.